Toa Kumbukumbu, Isugue

Alhamisi ni siku ya mnada Sinaw.
Mbuzi wamejaa barabarani tangu alfajiri,
pikapu zimenigeuzia mikia mlangoni,
na mimi, mwenye ofisi ya kujazia watu fomu,
nabonyeza kitufe, kompyuta haijibu.

Haikohoi, haipepesi hata taa.
Nabonyeza tena kwa adabu, kisha bila adabu.
Nyuma yangu watu saba wanakunywa kahawa yangu
na kuhesabu dakika kwa macho.

Nampigia Mundhir, mtoto wa dada yangu, kule Maabela.
Nasema naye Kiswahili cha chini chini
ili wateja wasijue kwamba sijui.
"Mamdogo," ananijibu na usingizi wake,
"kabla hujailaumu, umeme upo?"
Nachomoa waya, nachomeka birika palepale.
Birika linaunguruma, linachemka, linajizima.
Upo.
"Na swichi ya nyuma, karibu na feni?"
Napiga magoti chini ya meza, abaya yafagia sakafu.
Swichi imelala upande wa sifuri.
Nani kaizima? Ufagio wa jana jioni,
na mshika ufagio ni mimi.

Nafurahi mapema. Feni inazunguka,
taa ya kijani inawaka, kioo kiko vilevile,
cheusi kama tako la sufuria.
Halafu sanduku likaanza kulia:
tiiit, tiiit, tiiit. Kimya. Tiiit, tiiit, tiiit.

"Alaa!" Usingizi umemtoka Mundhir.
"Inakwambia panapouma. Zima, chomoa waya,
shika chuma kwanza, mwili wako una shoti yake.
Sasa fungua ubavu wa kushoto."

Bisibisi sina. Nina kisu cha tende.
Ubavu unaachia, na ndani, ya Rabbi,
jangwa la Sharkiya limehamia bila kulipa kodi:
mchanga laini kama unga wa dengu,
manyoya ya mbuzi,
na punje moja ya iliki ambayo sina maelezo yake.

"Unaviona vibao viwili vyembamba vimesimama?
Ndiyo kumbukumbu hiyo. Toa kimoja,
sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio."
"Nifute kumbukumbu?"
"Usugue, Mamdogo. Ipate kukumbuka."

Ghaniya kasahau mkoba wake wa shule garini.
Ndani yake ufutio, umbo la stroberi, harufu ya stroberi.
Nasugua taratibu, kama mtu anayeng'arisha pete ya mwenzake.

Hapo mteja wa tatu, mwenye kilemba cha zambarau
na fimbo ya ngamia mapajani,
akasafisha koo, akasema Kiswahili kilichonyooka:
"Ikikataa, ipige kibao.
Redio ya baba yangu, kule Shinyanga,
haikusema neno mpaka ipigwe."
Mundhir akacheka hadi simu ikakwaruza.
Mimi nikahesabu ni mara ngapi nilishasema *sijui*.

Narudisha vibao. Nakandamiza kwa vidole gumba,
tak upande huu, tak upande ule.
Waya. Swichi. Kitufe. Bismillahi.
Mlio mmoja mfupi, na kioo kikapambazuka:
inaniambia leo ni tarehe mosi Januari
ya mwaka ambao Ghaniya hajazaliwa.
"Betri ya saa hiyo," asema Mundhir, "imekwisha.
Ndogo kama kifungo cha kanzu. Nitakuja nayo kesho.
Leo sahihisha tarehe kwa mkono."

Wawili wa mbele nawamaliza. Namwita mwenye fimbo.
Anataka pasi mpya, ya zamani imekwisha muda.
Jina: Huweishil bin Musallam. Kazi: mifugo.
"Mahali pa kuzaliwa?" nauliza, kwa Kiswahili,
kwa sababu sasa tunajuana.

Anaitazama fimbo yake. Anaigeuza.
Ananijibu kwa Kiarabu, taratibu:
"Sinaw. Andika Sinaw, kama ilivyo kwenye ile ya zamani."

Naandika Sinaw.
Vidole vyangu bado vinanukia stroberi.